Ploti Hii Haiuzwi

Ukitoka katikati ya Nakuru kuelekea Kiamunyi, au ukitoka Kisumu kwa barabara ya Mamboleo, hutaenda mbali kabla hujakutana na maandishi yale yale. Rangi nyekundu, herufi kubwa, nyingine zimepinda kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka: PLOTI HII HAIUZWI. Wapo wanaoongeza nambari ya simu. Wapo wanaoongeza laana. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, huyapaka yake upya kila mwaka mvua za masika zikiisha, ingawa hati miliki anayo, na ameificha kwa kakake.

Wahenga walituambia mali bila daftari huisha bila habari. Basi ardhi ya Kenya ina daftari: rejista ya serikali, yenye mihuri, na yeyote anayelipa ada anaweza kufanya sachi, yaani kuulizia humo mmiliki ni nani. Kama daftari hilo lingeaminika, mwalimu hangehitaji kopo la rangi. Mwenye ng'ombe haandiki ubavuni mwa mnyama wake kwamba huyu hauzwi.

Hofu inayojulikana ni ya matapeli: mtu ana kitambulisho bandia, dalali mwenye maneno matamu, na rafiki ndani ya ofisi, kisha ploti yako inauzwa ukiwa umelala. Dhidi ya hao rangi husaidia kidogo. Ila mwalimu ana hofu ya pili, ambayo hakuna rangi inayoiponya. Wazee wa mtaa husema kwamba mahali alipojenga palitengwa zamani kwa ajili ya josho la ng'ombe. Yeye alinunua kwa mjane aliyekuwa na hisa katika kampuni ya kununua mashamba, akalipa, akapewa hati halali kutoka ofisi halali. Swali lake ni kama hati inaweza kuwa halali huku ardhi yenyewe ikiwa si halali. Jibu la sheria, kwa sasa, ni kwamba hati ya namna hiyo haina uhai.

Tuanze na Katiba. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu haki ya kupata na kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine, popote nchini. Serikali haiwezi kuichukua ila kwa manufaa ya umma, na sharti ilipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Ibara ndogo ya sita yasema ulinzi wote huo hauihusu mali iliyogunduliwa kuwa ilipatikana kinyume cha sheria. Itazame sarufi yake. Haisemi ilipatikana na nani. Haisemi na wewe. Ubaya haumwandami mwizi. Unaiandama ardhi, hata ikipita mikono kumi.

Ibara hiyo ina historia. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003, ilichunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi: viwanja vya shule, misitu, vyoo vya soko, barabara ambazo hazijajengwa. Ripoti yake ya 2004 ilizungumzia hati zipatazo 200,000 zilizotolewa isivyo halali tangu kabla ya uhuru hadi 2002. Walioandika Katiba walikuwa na ripoti hiyo akilini. Hawakutaka hati ya wizi ijifiche nyuma ya haki ya kumiliki mali.

Lakini kabla hatujafika kwenye kesi zenyewe, inafaa tukumbuke kwamba kuiabudu karatasi hatukuzaliwa nako. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Swynnerton: kupima ardhi ya Waafrika, kuunganisha vipande vilivyotawanyika, na kumwandika kila mwenye shamba rejistani. Mkulima mwenye hati, walidhani, angepata mkopo, angepanda mazao ya kuuza, na hangekuwa na sababu ya kuingia msituni. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikaimarisha kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha 143 ambacho mpaka leo nikikisoma hunishangaza. Mahakama iliweza kurekebisha rejista ikithibitika kwamba usajili ulipatikana kwa ulaghai au kwa makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Aliyewahi kuandikwa kwanza hakuguswa, hata kama alidanganya.

Nyumbani kwa wazazi wangu, huko Vihiga, aliyesimama mbele ya wapimaji akaandikwa mara nyingi alikuwa mmoja: mzee wa boma, au kaka mkubwa, au yule aliyewahi kwenda shule akajua kushika kalamu. Waliobaki walielewa kwamba ameandikwa kwa niaba yao. Sheria haikuelewa hivyo. Mwaka 1973, katika kesi inayojulikana kwa jina la Esiroyo, baba aliwashtaki wanawe wa kuwazaa kwa kuingia shambani mwake bila ruhusa. Wana walijitetea kwa mila za Waluhya, kwamba wana haki katika shamba la baba yao. Mahakama ikasema haki hizo za kimila zilifutika siku baba alipoandikwa rejistani. Watoto waliokulia pale, wakachimba pale, wakawa wavamizi. Waluo wana neno jadak, mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo mwingine kwa hisani ya wenyewe. Daftari la serikali liliweza kumgeuza mwenyeji kuwa jadak, na jadak kuwa mwenyeji, kwa mchana mmoja.

Wapo majaji waliojaribu tangu zamani kuuzunguka ukuta huo kwa kusema kwamba aliyeandikwa alishika ardhi kwa amana ya wenzake. Ila ilibidi tungoje mpaka 2018, Mahakama ya Juu ilipoamua wazi kwamba amana ya kimila inaifunga ardhi hata kama haikuandikwa rejistani, na kwamba anayeidai si lazima awe anaishi juu ya shamba hilo. Mawakili wa benki hawakuupenda uamuzi huo, na sababu yao inaeleweka: sachi haiwezi kukuonyesha amana. Mimi nauunga mkono. Vihiga, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba, anayenunua shamba bila kuwauliza waliosimama juu yake hakutaka kujua.

Kwa kweli sehemu kubwa ya magharibi huishi nje ya daftari kabisa. Shamba la babu yangu bado liko kwa jina lake, na alifariki kabla sijaanza darasa la kwanza. Ili libadilishwe inahitajika barua ya chifu, kesi ya mirathi, tangazo katika gazeti rasmi, miezi ya kungoja, kisha saveya, kisha bodi ya ardhi, na kila kituo kina ada yake na mtu wake wa kusalimiwa. Sheria ya Mirathi hairuhusu shamba la marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi. Na bado vipande vinauzwa kila wiki: agrimenti kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili, soda, na mnunuzi anapanda ua siku hiyo hiyo. Atajenga hapo. Atazika hapo. Miaka thelathini baadaye mjukuu wa muuzaji atamwambia hana haki, na kisheria huenda mjukuu akawa na hoja. Mabinti nao, ambao Mahakama ya Rufani huko Eldoret ilisema mwaka 2005 kwamba wana haki sawa na ndugu zao katika urithi wa baba, bado huambiwa wangoje waolewe.

Nakuru ni hadithi nyingine, ingawa mwisho wake unafanana. Walowezi walipoanza kuondoka, watu wasio na pesa za kununua shamba zima walichanga wakaunda makampuni. Ndeffo na Ngwataniro ni kati ya majina ambayo wenyeji hawahitaji kuelezwa. Mtu alinunua hisa, akapewa karatasi ya hisa, akangoja siku ya baloti ili aokote kikaratasi chenye nambari ya shamba lake. Wakurugenzi ndio walioshika orodha. Katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza makampuni haya yafungwe na wanahisa wapewe hati, mmoja mmoja. Agizo lilikuwa jema. Orodha ndizo zilizokuwa na matatizo. Wapo waliookota nambari mbili, wapo ambao nambari yao iliangukia mtoni, na vipande vilivyotengwa kwa shule, zahanati na majosho vikaanza kupunguka kila ramani ilipochorwa upya.

Halafu kuna jambo ambalo wanasheria hulipita haraka. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, watu wa Molo, Olenguruone na Njoro walikimbia mashamba yao kwa sababu ya ghasia, wengi wao wakiwa na hati zilizosajiliwa sawasawa. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema mwanzoni mwa 2008. Hati hulinda pale ambapo kuna polisi anayetii mahakama na jirani anayekubali kwamba ulinunua. Hayo mawili yakiondoka, hakuna kifungu kitakachozuia kiberiti. Ukizungumza na mtu wa Molo kuhusu ulinzi wa mali bila kumkumbusha hilo, atakusikiliza kwa heshima tu.

Sasa nirudi kwa mwalimu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inasema hati ni ushahidi wa umiliki unaopaswa kukubaliwa na mahakama, ila inaweza kupingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ulaghai ambao mwenye hati alishiriki. Ya pili ni kwamba hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Katika njia hii ya pili hakuna sharti kwamba ulishiriki. Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka 2013 kwamba mzizi wa hati ukipingwa, kuipunga hati hewani hakutoshi. Sharti uonyeshe ilikotoka.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala katika kesi ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa. Kampuni ilinunua kiwanja cha ufuoni Nyali mwaka 2006. Mmiliki wa kwanza kusajiliwa, 1989, alikuwa Rais Moi mwenyewe. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili wananchi wapate njia ya kufika baharini, ikisema mahali hapo palikuwa pametengwa kuwa wazi kwa umma. Kampuni ilijitetea kwamba ni mnunuzi mwadilifu: ilifanya sachi, ililipa, haikujua lolote. Mahakama ikajibu kwamba mgao wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa hiyo hakukuwa na hati ya kuhamishwa, na Kifungu cha 40 hakiwezi kulinda kisichokuwapo. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Torino, ikaongeza kwamba barua ya aloti, yaani ya kugawiwa kiwanja, peke yake si umiliki, hata ukiinunua kwa mamilioni.

Nasema bila kusita kwamba majaji walikuwa sahihi. Kama kuuza mara moja kungetosha kuusafisha wizi, kila aliyenyakua kiwanja cha shule angemuuzia shemeji yake kabla ya jua kutua. Ila hukumu ikiwa sahihi juu ya ardhi, yaweza bado kuwa kimya juu ya hasara, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia bila masharti.

Mwalimu angefanya nini zaidi? Anaambiwa auchunguze mzizi. Mzizi wa hati yake uko katika orodha ya kampuni iliyofungwa, iliyoshikwa na wakurugenzi waliokwisha kufa, kwenye ramani ambayo ofisi humwambia kila akienda kwamba faili halionekani, rudi wiki ijayo. Anayeweza kuufukua mzizi wa namna hiyo ni kampuni kubwa yenye wakili na mpimaji wa kwake. Mtu wa ploti ya futi hamsini kwa mia hana ila sachi, na sachi aliifanya. Ofisi ya serikali ilimjibu kwa maandishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki na ardhi haina kizuizi. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021, unaweza kuharakisha jibu hilo. Hauwezi kulifanya kuwa kweli kama kilichoingizwa kwenye kompyuta ni uongo wa 1987.

Sheria ile ile ya 2012 ina kifungu cha 81, kinachosema kwamba aliyepata hasara kwa sababu rejista imerekebishwa anastahili kufidiwa, mradi hasara hiyo haikutokana na ulaghai au uzembe wake mwenyewe au wa aliyempa hati. Maneno hayo ya mwisho yana mlango wa kutokea, kwa kuwa serikali itasema kila mara kwamba muuzaji wako alikuwa mlaghai. Sijamwona mtu katika mtaa wetu aliyewahi kulipwa kwa kifungu hicho, na wengi ninaowauliza hawajakisikia. Naibu msajili aliyetia sahihi hati ya josho amestaafu na pensheni yake. Mkurugenzi aliyeuza amekufa tajiri. Anayebeba mzigo ni wa mwisho kwenye foleni, yule pekee ambaye hakuiba.

Mipaka mingine ya haki hii sina ugomvi nayo. Kwamba siwezi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mke wangu ni sawa, na waume wanaolalamika wangejiuliza kwa nini walitaka kuuza kimya kimya. Kwamba mtu akikaa kwenye shamba lako waziwazi, bila ruhusa yako, kwa miaka 12, anaweza kulidai, huwakera sana wenye mashamba makubwa. Mahakama ya Rufani ilikataa mwaka 2015 hoja kwamba jambo hilo linavunja Kifungu cha 40. Ila angalia upande wa pili: sheria hiyo haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali. Shamba lako linaweza kukupotea kwa miaka 12 ya usingizi, na serikali ikilala miaka 80 haipotezi kitu.

Waulize Wanubi wa Kibos, nje kidogo ya Kisumu. Waliishi hapo kwa vizazi kadhaa. Februari 2021, katikati ya janga la korona, matingatinga yalibomoa nyumba zao kwa madai kwamba ardhi ni ya reli. Mwezi uliotangulia tu, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua katika kesi ya Mitu-Bell kwamba watu waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma, ingawa hawana hati, wana haki ya makazi ambayo mahakama inaweza kuilinda. Sheria ya Ardhi nayo inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma. Uamuzi wa Nairobi ulikuwa bado haujafika Kibos. Matingatinga yalifika.

Na serikali inapochukua ardhi yenye hati safi? Katiba inasema fidia bila kuchelewa. Bunge, katika marekebisho ya 2019 kuhusu thamani ya ardhi, likaeleza maana ya neno hilo: muda wa kadiri, usiozidi mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe. Jaribu kumweleza hivyo mwenye nyumba unayopanga, kwamba utamlipa bila kuchelewa, yaani ifikapo mwaka ujao.

Sijasema lolote kuhusu Ziwa Nakuru, ambalo limekuwa likipanda tangu karibu 2010 mpaka likameza lango kuu la zamani la mbuga na mashamba ya watu pembezoni. Maziwa, kwa Kifungu cha 62, ni ardhi ya umma. Je, maji yakikufuata mpaka sebuleni, ploti yako imekuwa ya umma? Na kama imekuwa, ni nani aliyeichukua, na fidia inadaiwa wapi? Nimewauliza mawakili wawili. Mmoja alicheka, mwingine aliomba nimtumie maswali hayo kwa maandishi.

Ninachotaka si ibara ndogo ya sita ifutwe. Nataka aliyechapa hati, yaani serikali, alipe pale hati inapokufa bila kosa la mnunuzi, kwanza kutoka mfukoni mwake, kisha amwandame ofisa na mkurugenzi popote walipo au popote ulipo urithi wao. Pesa zipo. Kila ardhi inapobadilisha mikono, serikali hukata ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, na humo ungeweza kuanzishwa mfuko wa kifungu cha 81. Hivi sasa serikali inakula pande zote mbili: inakusanya ushuru hati inapotoka, kisha inashinda kesi hati inapofutwa.

Mwalimu aliwahi kunifungulia faili lake mezani. Karatasi ya hisa ya yule mjane, kikaratasi cha baloti, agrimenti, jibu la sachi, idhini ya bodi, risiti ya ushuru wa stempu, na risiti za kodi ya ardhi za kila mwaka mpaka huu, zote zina muhuri. Kama siku moja mahakama itaamua kwamba pale palikuwa na josho, basi ushuru ule ulikatwa kwa uhamisho ambao kisheria haukuwahi kutokea. Ibara ndogo ya sita inazungumzia mali, na pesa nazo ni mali.